Kusini au Kaskazini? Dakika Arobaini Majini kati ya Koome na Entebbe

Kijana aliyeelea ziwani asubuhi ile alisikika na mzee aliyekuwa zaidi ya kilomita 14 kutoka kwake. Mimi nilikuwa umbali wa kilomita mbili hivi, redio ikiwa kifuani na imewashwa, na sikusikia neno. Ningependa kueleza jambo hilo lilivyotokea, kwa sababu wengi wanaonunua redio za mkononi za majini kwa ajili ya kayaki hapa Uganda huuliza bei, betri, na kama inaelea. Hayo nayo yanahusu. Ila asubuhi ile mambo yaliyoamua ni mengine kabisa.

Tulikuwa wanne. Sitataja majina, redioni tuliitana kwa rangi za kayaki zetu na hapa nitafanya vivyo hivyo. Mimi nilikuwa Njano. Nyekundu ni kaka aliyejifunza kayaki kwenye maporomoko ya Jinja, mwenye mikono ya chuma, ila ziwa hakulizoea. Buluu ni dada yetu, muuguzi. Kijani ndiye mdogo wetu, mwaka wake wa pili wa kupiga kasia. Mtu wa tano hakuwa majini. Ni askari mstaafu wa mawasiliano, anaishi Entebbe kwenye nyumba ya ghorofa iliyo juu ya kilima, na tangu tulipomfahamu hatujawahi kumwita jina jingine ila Afande.

Safari ilikuwa ya siku tatu, kwenda kisiwa cha Koome na kurudi. Redio zilikuwa tano za aina ileile, moja kwa kila mtu, zote zimeombewa kibali Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC. Ile ya Afande iliombewa peke yake, kwani redio ya majini inayotumika nchi kavu haihesabiwi sawa na iliyo ndani ya chombo. Naligusa hili kwa sababu nimewaona watu wakiagiza redio mtandaoni na kuanza kuzungumza bila kibali, kisha siku ya tatizo wanaogopa kubonyeza kitufe.

Siku ya kurudi tuliondoka Koome saa 12 na nusu asubuhi. Utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa tulikuwa tumeusoma, nao ulitaja uwezekano wa radi asubuhi. Kusini-magharibi kulikuwa na wingu, tukaliona liko mbali, tukaingia majini. Kosa la kwanza ni hilo, na lilikuwa letu sote. Aliyekulia kando ya ziwa hili, kama mimi niliyekulia Mwanza, anajua kwamba radi za Nyanza hupenda usiku na alfajiri. Nchi kavu hupoa haraka kuliko maji. Hewa ya ubaridi huteremka kutoka pande zote za ziwa, hukutana katikati, hupanda, na wingu linajengeka juu ya maji wakati watu wa nchi kavu bado wamelala. Kukipambazuka hujui kama wingu lile linakufa au linakujia. Tungelisubiri saa moja tu pale ufukweni, lingejieleza lenyewe.

Saa 3 kamili nilizungumza na Afande kama tulivyopatana, kila saa kamili. Nilimpa mahali tulipo, akaandika. Tulikuwa bado kusini ya ikweta. Msomaji auweke mstari huo akilini, maana ndio uliomwokoa Kijani.

Saa 3:10 upepo ulifika. Haukuja kidogo kidogo. Maji yaligeuka rangi, mvua ikafunga macho, na mawimbi yakawa ya mita moja na ushee, mafupi na yaliyobanana, ya aina inayopanda juu ya kayaki kabla hujamalizana na lililotangulia. Mimi na Nyekundu tulikuwa mbele. Buluu na Kijani walikuwa nyuma kama jozi, na masharti ya jozi ni kutoachana zaidi ya mita ishirini. Mvua ilipofunga, Buluu alielekeza uso kwenye upepo na kushughulika na kayaki yake tu. Mtu yeyote angefanya hivyo. Alipogeuka, Kijani hakuwepo.

Kijani alipinduka saa 3:14. Alijaribu kujiinua akiwa ndani, mara mbili, akashindwa, akavua sketi ya kiunoni, kile kitambaa kinachoziba mdomo wa kayaki, na kutoka. Kwenye maji tulivu ukitoka unashika kayaki yako. Kwenye upepo ule kayaki tupu inakimbia kama jani. Alibaki na jaketi la kujiokolea, filimbi, kasia, na redio iliyofungwa kwa kamba begani. Maji yenyewe hayakuwa baridi ya kuua. Ziwa Victoria hucheza kwenye nyuzi joto 25 mwaka mzima, na kwa hilo tumebahatika kuliko wapiga kasia wa Ulaya. Kilichokuwa kinamchosha ni mawimbi kumpiga usoni kila sekunde chache, na hofu.

Saa 3:16 aliita kwenye chaneli 16, ile ya mwito wa dharura, kama vitabu vinavyofundisha: “Mayday, mayday, mayday, hapa Kijani, Kijani, Kijani.” Akataja namba za mahali zilizokuwa kwenye kioo cha redio, akasema amepinduka, yuko majini peke yake. Hakuna chombo kilichojibu. Akarudia. Afande aliunasa mwito wa pili.

Alikuwa amekaa darini na daftari lake. Redio yake ilikuwa ya mkono kama zetu, wati 5, ila imeunganishwa na antena ndefu iliyosimama juu ya paa, na alikuwa anasikiliza chaneli mbili kwa pamoja, 16 na ile yetu ya kuzungumza, 72. Alichosikia kilikuwa kimekatikakatika. Aliandika: “Njano. Majini. 0, 03 nukta 5. 32, 35.”

Katika mstari huo mfupi mlikuwa na makosa matatu, na hakuna hata moja lililotokana na uzembe wake.

La kwanza ni jina. Njano na Kijani, upepo ukipuliza ndani ya maikrofoni, ni neno moja. Tulizichagua rangi zile kwa sababu kayaki zilikuwa na rangi hizo, hatukuzijaribu kwa sikio. Kwa dakika nane Afande aliamini kwamba mimi ndiye niliyepinduka.

La pili ni tarakimu. Mwishoni mwa longitudo Kijani alisema tatu tatu, mzee akasikia tatu tano. Lugha yetu tamu ina mtego hapa. Tatu na tano, sita na tisa, nne na nane: zikipita kwenye spika ndogo iliyolowa maji zinafanana kama mapacha. Dakika mbili za longitudo (dakika ya ramani si ya saa, ni sehemu moja ya 60 ya nyuzi) hapa kwenye ikweta ni karibu kilomita 3.7. Boti inayotafuta kichwa cha mtu kwenye mawimbi, ikikosea kwa kilomita 3.7, inatafuta ziwa tupu.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi wiki nzima baadaye. Kijani hakusema kusini wala kaskazini. Kwenye kioo cha redio, mbele ya namba, palikuwa na herufi ndogo S. Aliziona namba, herufi hakuiona. Mahali pengi duniani hili lisingekuwa na uzito. Mvuvi wa Mombasa hawezi kudhaniwa kuwa kaskazini ya ikweta, na mpiga kasia wa Uingereza hawezi kudhaniwa kuwa kusini. Lakini sisi tunapiga kasia juu ya mstari wenyewe. Entebbe iko dakika chache kaskazini ya ikweta, visiwa vya Koome na Ngamba viko dakika chache kusini, na safari yoyote kati yake inauvuka. Dakika tatu na nusu kusini na dakika tatu na nusu kaskazini zimetengana kwa dakika saba za latitudo, yaani maili saba za baharini, kilomita 13. Mbaya zaidi, mahali pote pawili ni maji. Ukichora upande usio wenyewe, ramani haikuoneshi msitu wala barabara ili ushtuke. Inakuonesha ziwa, nawe unaridhika.

Afande alipoziweka zile namba kwenye ramani, kaskazini, ziliangukia mashariki ya Entebbe, karibu mno na nyumbani. Akafungua ukurasa wa saa 3 kamili. Dakika kumi na sita kabla ya mwito tulikuwa kusini ya mstari. Kayaki haiwezi kwenda hivyo kwa dakika kumi na sita, hata kwa dhoruba. Hapo akaweka redio mdomoni na kuuliza swali moja, taratibu, kwa Kiswahili cha jeshi: “Uliye majini, Afande anakusikia. Jibu neno moja. Kusini au kaskazini?”

Kijani aliniambia baadaye kwamba sauti ile ilimfanya aache kulia. Akaitazama redio tena, akaiona herufi. “Kusini, Afande. Kusini.”

“Vizuri, mwanangu. Sasa nipe namba moja moja, na kila moja uitaje mara mbili. Halafu unyamaze. Utanizungumzisha kila dakika tano, si kabla. Betri ni yako na ni moja.”

Nimerudi kwenye maneno hayo mara nyingi. Ndani yake mna kila kitu ambacho mtu aliye majini anahitaji kutoka kwa msikilizaji: anajua amesikika, ana kazi ya kufanya, ana saa ya kuhesabia, na ameitwa mwanangu.

*

Kwa nini sisi wengine hatukusikia? Nianze na walio wepesi kueleza. Redio ya Buluu ilikuwa kwenye tundu la mizigo nyuma ya kayaki, imezimwa, ndani ya mfuko usioingiza maji. Alitaka kuitunza betri. Alikuwa mita mia mbili tu kutoka kwa Kijani. Redio ya Nyekundu ilikuwa imekufa. Jana yake jioni, pale Koome, tulizitumia kupiga soga kati ya kambi na mwalo (ufukwe wa mitumbwi ya wavuvi), na yake iliachwa imewashwa usiku kucha. Watengenezaji wakisema betri inadumu saa kumi na mbili au zaidi, hesabu yao huwa ya redio inayokaa kimya asilimia 90 ya muda, inasikiliza asilimia 5 na kusema asilimia 5. Kusema ndiko kunakonyonya betri. Jioni moja ya soga inaimaliza asubuhi yako.

Yangu ilikuwa nzima, imewashwa, kifuani. Usiku ule ilikuwa ikikoroma, nami nikazungusha kile kitufe kinachokata mkoromo hadi ikanyamaza kabisa. Asubuhi sikukirudisha. Kitufe hicho kinafanya kazi kama mlango: ukikikaza, mwito hafifu haupiti, unazuiwa pamoja na mkoromo. Niliinunua redio ili nisikie, kisha kwa mkono wangu mwenyewe nikaifanya kiziwi.

Na hata kama ningekiacha sawasawa, huenda nisingemsikia vizuri, na hapa ndipo elimu ya redio inapowahusu wapiga kasia kuliko watu wengine wote wa majini. Mawimbi ya VHF, yale yanayotumiwa na redio hizi za majini, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Hayajipindi kufuata mviringo wa dunia kiasi cha kukusaidia, na hayapiti ndani ya maji. Hesabu inayotumika ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kutoka usawa wa maji, kwa mita, zidisha kwa 4.1, unapata kilomita za upeo wake. Fanya hivyo kwa redio zote mbili, jumlisha. Mtu aliyekaa kwenye kayaki, redio kifuani, ana antena yapata mita moja juu ya maji: upeo wake ni kilomita 4. Mtu anayeelea, ameinua redio kwa mkono uliochoka, ana labda sentimita 30: kilomita 2 na kidogo. Kati ya hao wawili, kwa hesabu, ni kilomita 6. Lakini hesabu hiyo ni ya maji laini kama kioo. Weka mawimbi ya zaidi ya mita moja, na kila anaposhuka kwenye bonde la wimbi antena yake iko chini ya ukuta wa maji. Hata pasipo wimbi, antena mbili zilizolala karibu na maji hupoteza nguvu upesi sana kadiri umbali unavyoongezeka.

Afande alikuwa na kilima, nyumba, na mlingoti. Ukijumlisha, antena yake ilikuwa juu ya ziwa kwa mita 36 hivi. Kipeuo chake ni 6, upeo wake pekee ni karibu kilomita 25, ukiongeza zile mbili za Kijani ni 27. Kutoka kule juu mawimbi ya ziwa hayakumziba. Ndiyo maana aliye mbali alisikia na aliye karibu hakusikia. Watu huniuliza, “Hiyo redio yako inafika kilomita ngapi?” Sina jibu la swali hilo, wala muuzaji hana. Inafika hadi pale ambapo aliyeko upande wa pili amepanda.

*

Saa 3:24 Afande aliniita. Kwa nguvu ya antena ile, sauti yake ilipenya hata mlango niliouziba. “Njano, Njano, hapa Afande. Uko hai?” Swali lilinishangaza, nikajibu niko hai. Kimya kidogo. Akasema: “Basi ni Kijani.”

Alinipa mahali, kwa tarakimu zilizorudiwa mara mbili, neno kusini likitangulia. Wakati huohuo, kwa mkono mwingine, alikuwa na simu. Alipiga polisi, na alimpigia mwenye boti mmoja wa mwalo wa jirani, mzee wa mtumbwi wa mbao wenye mashine ya farasi 40, ambaye tulikuwa tumemwachia namba na kumlipa mafuta kabla ya safari. Hapa nataka niseme wazi. Mitumbwi mingi ya wavuvi wa sangara na mukene (dagaa) haina redio ya majini. Mawasiliano yao ni simu. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao Kisumu, ilianzisha mradi wa mawasiliano ya ziwa lote wenye kituo kikuu cha uratibu wa uokoaji Mwanza, na moyo wangu wote uko pamoja na kazi hiyo. Lakini aliye karibu nawe kwenye maji, mwenye mashine iliyo moto tayari, ni mvuvi. Mvuvi haisikii chaneli 16. Anaisikia simu. Kwa hiyo redio yako inahitaji mtu anayeweza kuyageuza maneno yake kuwa simu, kwa lugha ambayo mwalo unaielewa. Afande alizungumza na mwenye boti kwa Kiganda kilichochanganyika na Kiswahili, kwa dakika moja, na boti ikatoka.

Tuligeuka, mimi na Nyekundu. Kilomita mbili kwa upepo wa ubavuni zilitula dakika ishirini na tano. Njiani filimbi yetu ilimpata Buluu, aliyekuwa akizunguka mahali pamoja akiita kwa sauti iliyokauka. Tulipofika mahali penyewe hatukuona kitu. Namba zilikuwa sahihi, mvua imepungua, na bado hatukuona kitu, kwa kuwa kichwa cha mtu ni kidogo mno na upepo ulikuwa umemsukuma. Afande akamwambia Kijani: “Inua kasia lako wima.” Bapa la rangi ya chungwa likatokea juu ya wimbi, likapotea, likatokea tena. Nyekundu ndiye aliyeliona.

Tuliunganisha kayaki mbili ubavu kwa ubavu, tukamvuta juu ya sitaha ya nyuma akalala kifudifudi. Ilikuwa saa 3:54. Alikuwa amekaa majini dakika arobaini kamili. Buluu alimkagua, akampa maji ya sukari, akamfunika. Boti ilifika baada ya dakika kumi na moja. Mzee wa boti alipomwona alisema tu, “Webale okuwona, mwana wange,” hongera kwa kunusurika, mwanangu, akampa koti lake.

*

Tulikaa na Afande jioni mbili tukiipitia saa kwa saa, daftari mezani. Mengine yalikuwa mepesi kurekebisha, na sitayarefusha. Redio inakaa mwilini, imefungwa, imewashwa. Kwenye tundu la mizigo haikai tena. Kuelea ni kuzuri, ila kamba ni bora zaidi, kwani redio inayoelea nayo hukimbia na upepo. Redio iliyothibitishwa kukaa mita moja chini ya maji kwa nusu saa inatosha kwa kayaki. Muhimu ni kifuniko cha tundu la chaji kufungwa vizuri. Soga za jioni zimekwisha. Kila asubuhi kabla ya kuingia majini, kila mtu anaita na kuitikiwa na Afande, na kitufe cha mkoromo kinarudishwa hadi pale unapousikia, kisha unakikaza kidogo tu.

Mjadala mkubwa ulikuwa juu ya kitufe chekundu. Redio zetu zote zina mwito wa dharura wa kidijitali. Ukibonyeza na kushikilia kitufe kilicho chini ya kifuniko, redio yenyewe inatuma kwenye chaneli 70 namba ya utambulisho wako na mahali ulipo, pamoja na ile herufi ya kusini au kaskazini, na redio zote zenye uwezo huo zilizo ndani ya upeo hupiga kengele kali na kuandika mahali pako kwenye kioo. Kama Kijani angeweza kukibonyeza, makosa yote matatu ya daftari yasingekuwepo. Hakuweza, kwa sababu redio nyingi hukataa kutuma mwito huo mpaka iingizwe ile namba ya utambulisho ya tarakimu tisa, ambayo kwa Uganda huanza na 675, na sisi tulikuwa bado hatujaiomba. Tulisema tutaomba baada ya safari. Nilikuwa mwenye jukumu hilo, na nililiacha. Kijani hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo zito zaidi kulibeba.

Afande hakukubali kwamba kitufe kinamaliza kazi. “Kengele inalia kwenye redio ya nani?” aliuliza. Kwenye sehemu ile ya ziwa, asubuhi ile, zingelia redio zile tu tulizozileta wenyewe: yake na yangu. Ana haki. Tumeomba namba, tumezipata, tumeziingiza, na tumekijaribu kitufe cha mwito wa kawaida kati yetu, kwani kile cha dharura hakijaribiwi. Lakini sauti bado tunaifanyia mazoezi kana kwamba kitufe hakipo.

Tumebadilisha majina. Hakuna tena rangi. Sasa ni Simba, Mukene, Kobe na Ndovu, maneno ambayo tuliyajaribu kwa kuyapiga kelele ufukweni siku ya upepo huku Afande akiandika kutoka darini. Tarakimu zinatajwa moja moja, mara mbili. Sita inatajwa “sita, nusu dazeni” na tisa “tisa, kasoro kumi”. Utaratibu wetu wa nyumbani huo, haumo kwenye kitabu chochote, lakini unasikika. Na mwito umebadilika mpangilio. Upande wa ikweta unatangulia namba: “Mayday, mayday, mayday. Hapa Kobe, Kobe, Kobe. Niko kusini. Kusini. Sifuri, sifuri, tatu, tatu, nukta tano, tano…” Kila redio ina kipande cha plasta nyuma kilichoandikwa mfano huo kwa wino usiofutika, maana mtu aliyemeza maji hakumbuki alichofundishwa.

Kayaki ya Kijani ilipatikana siku ya nne, imepigwa na mawe upande mmoja, kwenye ufukwe wa wavuvi wa mukene. Waliifungia mtini wakisubiri mwenyewe. Tulipokwenda kuichukua tulipeleka redio ya sita. Mzee wa boti aliishika, akaigeuza, akauliza kama akiipandisha kwenye mti mrefu wa pale mwaloni itamsikia Afande. Tulipanda. Ilimsikia. Maombi ya kibali chake yamewasilishwa, na mpaka kitoke redio ile inakaa kwa Afande, juu ya meza, karibu na daftari, imechajiwa.